Usidharau Bata wa Uani: Kutoka Mtoni hadi Ngara na Biharamulo



Vijana wa siku hizi wakisema "twende tukale bata" wana maana ya starehe, safari na picha za fungate. Leo namzungumza bata mwenyewe, yule mwenye mabawa, anayetembea kwa kuyumba uani na kuchafua ngazi zilizotoka kufagiliwa sasa hivi.

Nimemchagua kwa sababu wapo mabinti wetu wa Unguja na Pemba wanaoolewa na waume wenye kazi bara: mwalimu, daktari, mtu wa forodha, askari, na sasa hata mtu wa mgodi. Mume akipangiwa Ngara au Biharamulo, mkoa wa Kagera, bi harusi hufunga mizigo akavuka bahari, akavuka nchi nzima mpaka karibu na Rwanda na Burundi. Akifika anakuta nyumba yenye uwanja mkubwa nyuma, migomba mteremkoni, na bondeni maji yanayotuama. Mume anaondoka asubuhi. Majirani wana lugha yao, Kihangaza au Kisubi, na Waislamu ni wachache ukilinganisha na kwetu. Bi harusi anajiuliza: nifanye nini mimi hapa?

Majirani zake wengi wangemjibu: fuga ndege. Jibu hilo lina historia ndefu kuliko tunavyodhani, na historia hiyo inaanzia kwetu, ndani ya ua wa jumba la mfalme.

Ua wa Mtoni

Sayyida Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan. Salme aliondoka Zanzibar mwaka 1866 akaishi Ujerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake. Wengi wetu tunamjua kwa kisa cha ndoa yake na kuondoka kwake. Wachache wanakumbuka kwamba miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa anayoyaeleza ni ua wa nyumba yao.

Ua ule ulikuwa mkubwa, na ndani yake walitembea kwa uhuru tausi, swala, kanga, mabata, mabata bukini, heroe na hata mbuni. Kijito cha Mtoni, kilicholipa jumba jina lake, kilipita hapohapo kikiingia baharini. Kazi waliyoipenda watoto ilikuwa kukusanya mayai asubuhi na jioni, hasa yale makubwa ya mbuni, na kuyapeleka kwa mpishi mkuu, naye akiwalipa kwa vitu vitamu.

Basi fikiria dada yangu: katika miaka ambayo Zanzibar ilikuwa dola ya karafuu, pembe za ndovu na, Mwenyezi Mungu atusamehe, watumwa, bata walikuwa uani pamoja na wanawake na watoto. Vitabu vya biashara viliandika pembe na karafuu. Bata aliandikwa na mwanamke, kwa sababu ua ulikuwa nchi yake.

Bata wawili, bahari mbili

Bata tunayemwona leo majumbani ni wa aina mbili, na kila mmoja ametoka upande wake wa dunia.

Wa kwanza asili yake ni bata maji wa mwituni aliyefugwa zamani sana huko Uchina na nchi za Kusini Mashariki ya Asia. Huyu ndiye anayepiga kelele nyingi na kupenda kuogelea. Wa pili ni yule mkubwa, mzito, mwenye nyama nyekundu za vinundu usoni. Dume lake halipigi kelele, hufoka tu kama mtu anayenong'ona kwa hasira. Huyu alifugwa na wenyeji wa Amerika ya Kati na Kusini kabla Mzungu hajafika huko. Wareno na Wahispania walipoanza kuvuka Bahari ya Atlantiki walimchukua, naye akasambaa Afrika kama yalivyosambaa mahindi, muhogo, mananasi na mapapai. Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498, na Wareno walikaa Mombasa mpaka Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu mwaka 1698. Miaka 200 inatosha kwa ndege kupata wenyeji.

Waarabu humwita bata batta. Wareno humwita pato. Neno letu linaelekea zaidi kwa Waarabu, lakini masikio ya pwani yaliyasikia yote mawili. Lugha yetu imeweka kumbukumbu nyingine pia: bata bukini amepewa jina la Bukini, yaani Madagaska kwa Kiswahili cha zamani. Unapowaita ndege wako jioni, unataja njia za majahazi.

Neno hilo halikubaki pwani. Waganda, mbali kule kaskazini ya ziwa, humwita bata embaata. Watu walioishi miaka yote kando ya maji yaliyojaa ndege wa mwituni walichukua neno la pwani kwa ndege huyu wa nyumbani. Mara nyingi kitu kikifika na jina lake, ujue kimefika na watu.

Njia ya Usui

Watu gani? Wa misafara. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu, Waswahili na Wahindi walikwenda kutoka pwani mpaka Tabora, kisha njia ikapanda kaskazini kupitia nchi waliyoiita Usui, mpaka Karagwe, na kutoka hapo Buganda. Usui ndiyo nchi ya Wasubi na Washubi, yaani sehemu hizi tunazoziita leo Biharamulo na Ngara. Karagwe kulikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa pwani mahali paitwapo Kafuro. Mmoja wa waliopita njia hii ni Ahmed bin Ibrahim, aliyefika Buganda katika miaka ya 1840, miaka ileile Salme alipozaliwa, na anakumbukwa miongoni mwa wa mwanzo waliolitaja jina la Allah mbele ya Kabaka.

Mwingereza John Hanning Speke alipita Usui mwaka 1861 na kulalamika sana juu ya hongo aliyotozwa na mtawala wa huko, Suwarora. Kwa msafara, Usui ilikuwa lango: hukupita bila kutoa nguo, shanga na waya. Kwa hiyo bi harusi wetu anayefika Biharamulo leo akaona kama amefika mwisho wa dunia, ajue kwamba watu wa pwani wamekuwa wakipita hapo karibu miaka 200. Walipita na biashara zao, nyingine za halali na nyingine za dhulma, na walipita na dini, vyakula na maneno yao.

Kwa nini ndege, na si ng'ombe?

Magharibi ya Ziwa Viktoria, heshima ya mtu ilikuwa ng'ombe. Watawala walihesabiwa kwa ng'ombe, mahari yalilipwa kwa ng'ombe, nyimbo zilisifu pembe za ng'ombe. Lakini miaka ya 1890 ilikuja sotoka, maradhi yaliyoangamiza mifugo kutoka pembe ya Afrika mpaka kusini. Mashamba na malisho yaliachwa, msitu ukarudi, na pamoja na msitu wakaja mbung'o, yaani ndorobo. Biharamulo ni nchi ya miombo, na ndorobo walipata makazi mazuri. Huyu mdudu humletea ng'ombe nagana na binadamu malale.

Wajerumani waliojenga boma Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20 waliikuta nchi katika hali hiyo. Boma lile lipo mpaka leo. Mwaka 1916 Wabelgiji waliokuja kutoka magharibi waliwafukuza Wajerumani, na baada ya vita Waingereza wakachukua utawala. Wote hao walihesabu ng'ombe, kodi na baadaye kahawa.

Hakuna aliyehesabu ndege. Na ndege ana faida moja kubwa katika nchi ya ndorobo: nagana haimpati. Ng'ombe akifa, kuku na bata wapo. Walikuwa mikononi mwa nani? Kwa kawaida ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ng'ombe ni wa mwanamme, ndege wa uani ni wa mwanamke.

Msidhani hili ni jambo dogo. Nawapa mfano kutoka Kagera hiyohiyo, upande wa Wahaya. Mwanamke mmoja, Holaria Pastory, alirithi shamba kutoka kwa baba yake kwa wasia. Alipoona uzee unamjia na hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kupinga, kwa hoja kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo: anaweza kuitumia maisha yake, basi. Mahakama ya mwanzo ilimpa haki yule kijana. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo ni ya ubaguzi na haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Shamba lilikuwa limeuzwa kihalali.

Sisi tunaosoma Suratun Nisaa tunajua kwamba mwanamke amepewa fungu lake la mirathi tangu zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, na fungu lake ni lake. Hata hivyo tusijisifu haraka, kwani hata visiwani kwetu wapo wanaoambiwa waache fungu lao "kwa ajili ya kaka". Ninachotaka mkione ni hiki: pale ambapo shamba lina mwenyewe, ng'ombe ana mwenyewe na kahawa ina mwenyewe, mwanamke anaweza kuuza nini leo jioni bila kumwomba mtu ruhusa? Ndege. Mayai. Vifaranga. Ndiyo maana nasema bata wa uani si mchezo.

Bwawa linaingia

Bata wa kienyeji wa uso mwekundu hahitaji ziwa. Anahitaji maji ya kutosha kuzamisha kichwa, asafishe macho na pua. Beseni pana linamtosha. Lakini mwenye bondeni akipata bwawa, mambo hubadilika.

Ufugaji wa samaki kwenye mabwawa ya kuchimba ulianza kujaribiwa Tanganyika mwaka 1949, Korogwe kule Tanga na Malya kule Mwanza. Samaki walikuwa jamii ya perege. Baadaye watu walichimba mabwawa sehemu nyingi, na mengi yalikufa kwa kukosa matunzo: maji yalikauka, samaki walizaana wakabaki wadogo, mwenye bwawa akachoka. Palipofanikiwa, mara nyingi ni pale bwawa lilipofungamanishwa na kitu kingine. Bata ni mmoja wa vitu hivyo.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Bata anajisaidia majini. Choto lake linarutubisha maji, maji yanaota vijani na wadudu wadogo, samaki wanakula hao. Bata mwenyewe anakula konokono, viluwiluwi vya mbu na magugu. Wakati wa kiangazi, ambacho Ngara ni kuanzia Juni mpaka Agosti, yale maji ya kijani yanachotwa kumwagilia mchicha, bamia na migomba. Matope ya chini yakikombwa ni mbolea. Kitu kimoja kinakula kutoka kwa kingine.

Ila bata pia anakula vifaranga vya samaki. Usimwingize bwawani mpaka samaki wawe wakubwa kuliko mdomo wake. Na bwawa liwe na uzio, kwa sababu mtoto anayetambaa huzama kwenye maji ya kimo cha goti.

Kuna sababu nyingine iliyowafanya wanawake wampende. Kideri, ambacho bara hukiita mdondo, kikiingia kijijini kinaweza kumaliza kuku wote kwa wiki moja. Bata hustahimili zaidi. Anaweza kubeba maradhi hayo bila kuonekana mgonjwa, na hapo ndipo penye hatari, kwani huwapelekea kuku. Basi asilale nao banda moja, wala wasinywe chombo kimoja, na kuku wachanjwe. Jike la bata wa uso mwekundu hulalia mayai yake siku 35, wakati kuku ni siku 21. Ni mama mwenye subira. Wengi humwekea hata mayai ya kuku akayaangua.

Ngara, Aprili 1994

Siwezi kuandika historia ya ua wa Ngara nikaruka mwaka huu.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Rwanda ilikuwa katikati ya mauaji ya kimbari. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo akina mama na watoto wasio na hatia, na walikuwamo pia waliotoka kuua. Walikusanywa mahali palipoitwa Benaco, jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa ikijenga barabara. Baadaye kambi nyingine zikafunguliwa, Lumasi na Musuhura, na ile ya Lukole ikawa ya Warundi. Idadi ya wageni ilizidi ya wenyeji kwa mbali sana.

Jaribu kuliona jambo hili kwa jicho la mwenye ua. Kila chungu kinahitaji kuni, na kuni zinatoka kwenye miti iliyo karibu. Kila ndoo inahitaji maji, na maji yanatoka kwenye chemchemi zilezile. Miti ikiisha vilimani, udongo unateremka na mvua, na bondeni bwawa linajaa matope. Mwenye kundi la ndege alikuwa na soko ambalo hakupata kuliona maishani, maana watu walikuwa wengi na walichoka na mahindi na maharage ya msaada. Wakati huohuo alikuwa na wasiwasi ambao hakupata kuujua, kwani njaa haina adabu na usiku ni mrefu.

Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao kwa mamia ya maelfu. Warundi walikaa zaidi. Walioondoka waliacha vilima vyenye vipara, na wenyeji wakaanza upya kupanda miti.

Katika kuanza upya kwa namna hiyo, ng'ombe ni ghali na kahawa inachukua miaka. Ndege watatu, jike wawili na dume mmoja, wanaweza kuwa kundi kabla mwaka haujaisha. Sisemi kwamba bata waliijenga upya Ngara. Nasema mwanamke aliyepoteza kila kitu huanza na kile anachoweza kukibeba kwenye tenga.

Vifaranga vilivyofundisha dunia

Kuna sura moja ya historia ya bata inayotuhusu sote jikoni, hata usiyefuga.

Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000 kwa maradhi yasiyojulikana. Mwaka huohuo hapa Afrika Mashariki, Kenya, walikufa vifaranga vya bata kwa maelfu. Watafiti walipofuatilia walikuta chanzo kimoja: chakula cha mifugo kilichotengenezwa kwa karanga zenye kuvu. Kuvu ile ilikuwa inatoa sumu, na sumu hiyo ndiyo tunayoiita leo sumukuvu. Kifaranga cha bata kilionekana kudhurika upesi kuliko viumbe wengi, kiasi kwamba kwa miaka kadhaa wanasayansi walikitumia kupimia kama chakula kina sumu.

Sumu hiyo hiyo humdhuru binadamu. Hushambulia ini. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

Basi mtu akikuambia, "haya mahindi yameota ukungu, wape bata", mwambie hapana. Bata mdogo atakufa, na mkubwa atadhoofika. Usimpe pia mtoto wako uji wa karanga au mahindi yaliyonuka ukungu kwa kudhani moto umeiua sumu, kwani kuchemsha hakuiondoi. Anika nafaka ikauke vizuri, hifadhi juu ya kichanja, na iliyoharibika itupwe mbali. Ngara ina mvua misimu miwili na ukungu wa asubuhi, hivyo nafaka hupata unyevu upesi.

Maji, najisi na udhu

Najua swali linalokuja. Bibi zetu walikuwa wakali: "Bata mchafu, utasalije?" Tuliangalie kwa madhehebu yetu ya Shafi.

Nyama ya bata ni halali. Ndege walioharamishwa ni wale wanaowinda kwa kucha. Bata wa uso mwekundu ana kucha kali kweli, lakini anazitumia kukwea na kujishikilia, si kuwinda. Achinjwe kwa Bismillahi, koromeo na umio vikatwe, na asitiwe kwenye maji ya moto mpaka roho itoke kabisa.

Choo chake, kwa Shafi, ni najisi. Kikiingia kwenye nguo, kiondoshwe kabla ya sala. Weka kanga maalumu na viatu maalumu vya bandani, na utapunguza taabu nusu.

Kuhusu maji, kipimo chetu ni qullatayni, ambazo makadirio ya wengi ni kama lita 216. Maji yaliyo chini ya hapo, kama ya beseni la bata, yakiingia najisi yamenajisika hata kama hayakubadilika. Maji yaliyofika kipimo hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu kwa hiyo najisi. Shimo la mita moja kwa mita moja, kina nusu mita, lina lita 500, limevuka kipimo. Ukijani wa majani ya maji peke yake hauharibu kitu. Lakini bwawa dogo lenye bata wengi, likanuka choo chao, usilitawadhie. Maji ya udhu na ya kunywa yachotwe juu ya banda, si chini yake, na yatunzwe kwenye chombo chenye kifuniko.

Zaidi ya tohara kuna huruma. Tunajua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Na tunajua jinsi Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alivyomliwaza mtoto Abu Umayr juu ya kindege chake. Ufugaji wa ndege si haya. Haya ni kumfunga kiumbe bila maji katika jua la mchana.

Bata ni wa nani?

Namalizia na wewe bi harusi, kwani hapa ndipo ndoa nyingi hukwaruzana kimyakimya.

Mahari yako ni yako. Ukitoa sehemu yake ukanunua bata sita, bata hao ni wako na vifaranga vyao ni vyako. Chakula chako, nguo zako na makazi ni juu ya mume, na mauzo ya bata hayamwondolei wajibu huo. Ukitaka kumsaidia kwa hiari, una mfano wa Bi Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, radhiya Allahu anhum, aliyeuliza kama atapata thawabu akimpa mumewe, akajibiwa kwamba ana thawabu mbili: ya ujamaa na ya sadaka. Angalia neno: sadaka. Mtu hutoa sadaka kilicho chake.

Lakini kama bata wamenunuliwa kwa fedha za mume na wewe ndiye unayewalisha, semeni mapema ni wa nani. Msingoje mpaka kundi liwe hamsini. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayotumika bara. Kwa sababu nyingine Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu siku ile, lakini wanawake waliokuja baada yake wamenufaika na maneno yale. Hata hivyo ni bora zaidi kwa wawili wenye mapenzi kukubaliana sebuleni na kuandika, kuliko kuelezwa na jaji.

Na mayai ya kwanza ukiyapata, mpelekee jirani. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliwausia wanawake Waislamu jirani asidharau zawadi ya jirani yake hata ikiwa kwato ya mbuzi. Yai la bata ni kubwa kuliko hivyo. Huenda jirani yako si Muislamu, huenda hamjaelewana lugha. Yai litasema kwa niaba yako, nawe utapata mtu wa kukuangalizia ndege utakaporudi nyumbani kwa Idd.

Watoto wa Mtoni walipeleka mayai kwa mpishi wakapata vitamu. Wewe wa Ngara utapeleka kwa jirani ukapata udugu. Kilichobaki kati ya ua ule na huu ni mwanamke mwenye kitu kidogo mkononi, ambacho hakuna aliyekiandika katika daftari lake. Kiandike wewe. Nunua daftari, weka tarehe, idadi ya mayai, bei uliyouza, na zaka ya biashara ikikufikia uitoe.

Allah awabariki mabinti wetu walioko mbali, azijaze nyumba zao mapenzi na rehema, na azitie baraka riziki zao ndogo na kubwa. Aamin.